Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Udongo Mpya Katika Tangi la Samaki la Zamani



Miongoni mwa barua tulizozipokea hivi karibuni imo moja ya mama mjane wa hapa Mombasa. Marehemu mumewe alimwachia tangi la samaki la kioo lenye mimea hai ndani yake, na tangi hilo sasa lapata miaka minne tangu lijazwe maji. Aeleza kwamba mimea iliyokuwa imefunga kama kijisitu sasa yageuka manjano, mingine imeng'oka na kuelea, na udongo wa chini umepungua hata sakafu ya kioo yaonekana pembeni. Wanawe wawili wamekwisha nunua mfuko wa udongo mpya, na wamekusudia kulimwaga tangi lote siku ya Jumamosi, walisugue kwa sabuni, kisha waanze upya. Mama yule awahofia samaki, maana ndio waliosalia katika vitu alivyovilea mumewe kwa mkono wake. Auliza: je, udongo mpya waweza kuongezwa juu ya ule wa zamani pasi na kuvunja tangi zima?

Jibu letu ni kwamba waweza, na kwamba njia hiyo ina salama zaidi kuliko kulimwaga tangi. Lakini ina taratibu zake, na mwenye kuzipuuza huenda akaamka asubuhi akawakuta samaki wanaelea matumbo juu. Kwa kuwa matangi haya yamo katika nyumba nyingi, na watoto wengi hujifunza kulea kiumbe kwa mara ya kwanza kwa njia ya samaki, tumeona yafaa jambo hili lielezwe kwa urefu. Twawasihi vijana wale waiahirishe Jumamosi yao mpaka wasome.

Kilichomo chini ya maji

Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua yake. Chakula kilichosazwa na majani yaliyooza hutoa amonia hiyo hiyo. Nayo ni sumu, na kiasi kidogo tu huyaunguza matamvua. Kinachowahifadhi samaki ni bakteria wasioonekana kwa macho. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni haba, na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hawa hujishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye punje za mchanga na changarawe, majanini na kiooni. Tangi jipya huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kabla ya makundi hayo mawili kutimia. Tangi la miaka minne limekwisha kuyapata. Atakayelimwaga na kulisugua kwa sabuni huwaondoa wote kwa siku moja, kisha akawarudisha samaki wale wale katika maji yasiyo na wa kuwasafishia. Sabuni yenyewe haifai kabisa, kwa kuwa mabaki yake hayatoki kwa urahisi na ni sumu kwa samaki.

Udongo wa chini una kazi nyingine. Punje za udongo wa mfinyanzi hushika madini na kuiachia mizizi kidogo kidogo. Nayo mizizi huwa haichukui tu, bali hupeleka oksijeni chini na kuuzuia udongo usioze. Pale pasipo mizizi wala mwendo wa maji, udongo mzito huwa mweusi na kufanya hewa yenye harufu ya yai viza, ambayo ikitibuliwa kwa wingi huweza kuwadhuru samaki.

Ilmu hii ni ya siku nyingi. Katika mwaka wa 1850, mtaalamu wa kemia wa London aitwaye Robert Warington alieleza jaribio lake la kuweka samaki wawili katika chombo cha kioo pamoja na mmea wa Vallisneria, chini kukiwa na mchanga na mawe. Majani ya mmea yalipoanza kuoza na maji kuchafuka, alitia konokono wa kula uozo ule, na mambo yakatengenea. Hakukimwaga chombo. Alitazama ni nini kilichopungua, akakiongeza. Na hapa kwetu Pwani wako samaki wadogo wenye rangi za kupendeza, wa jamii ya Nothobranchius, wanaoishi katika madimbwi ya msimu. Hutaga mayai yao matopeni, dimbwi likakauka, samaki wakafa, na mayai yakasubiri ndani ya udongo mpaka mvua irudi. Mwenye kulijua hilo hataudharau udongo wa chini ya maji.

Je, udongo wahitajika kweli?

Kabla ya kuufungua mfuko, yafaa kujiuliza mimea ile ni ya namna gani. Iko mimea ilayo kwa mizizi, kama vile Cryptocoryne, Vallisneria, na ile yenye majani mapana mfano wa upanga iitwayo Echinodorus. Hii hudhoofu udongo ukichoka. Iko mingine, kama Anubias, ambayo hushikamana na jiwe au kigogo na kujipatia chakula majini. Hii haihitaji udongo, na ukiufukia ule mshina wake mnene utaoza.

Tena majani hueleza. Jani changa likitoka na rangi ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mara nyingi kilichopungua ni madini ya chuma. Majani ya zamani yakitoboka matundu madogo, huenda ni potasiamu. Ikiwa udongo bado ni mwingi na dalili ni hizo tu, vidonge vya mbolea vya mimea ya majini vyatosha. Huchomekwa kwa kidole karibu na mizizi, na hakuna haja ya kubeba ndoo wala kutibua chochote.

Udongo mpya wahitajika pale ule wa zamani umepungua kwa kunyonywa kila tangi lisafishwapo, mizizi imebaki wazi, au punje zimevunjika zikawa tope. Kwa maelezo ya mama yetu, lake ni tangi la namna hiyo.

Udongo upi, na upi si wake

Hapa Pwani kosa la kwanza liko karibu sana na mlango wa nyumba. Mchanga wetu mweupe wa ufuoni ni mzuri wa kutazamwa, lakini sehemu yake kubwa ni matumbawe na magamba yaliyosagika, yaani chokaa. Ukiutia katika tangi la maji baridi, chokaa huyeyuka polepole, maji yakawa magumu na kuelekea upande wa magadi. Mimea mingi haiyapendi maji hayo. Jambo la hatari zaidi ni kwamba amonia huwa kali zaidi maji yakiwa ya magadi na yakiwa ya moto, na maji yetu ya Pwani ni ya moto mwaka mzima. Isitoshe, visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, hivyo maji yake huja na chokaa tangu hapo. Hatuna haja ya kuongeza.

Kuna mtihani mwepesi uwezao kufanywa na mtoto. Weka mchanga mkavu katika kisahani, udondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa, na haufai. Ukitulia, endelea. Mchanga wa mtoni na changarawe ndogo mara nyingi hupita mtihani huu. Huoshwa kwa maji matupu, mara nyingi, mpaka maji yatoke safi.

Udongo wa shambani haufai kumwagwa juu. Ni kweli kwamba Diana Walstad wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu ikolojia ya matangi yenye mimea, alieleza namna ya kutumia udongo wa kawaida. Lakini yeye huutandaza chini kabisa, kiasi cha sentimita 2 na nusu, kisha huufunika kwa changarawe ya unene kama huo, na hufanya hivyo tangi likiwa bado tupu. Ukiumwaga udongo huo juu ya tangi lililojaa, maji yatakuwa kama chai ya maziwa, na kama ulitiwa samadi au dawa ya wadudu, samaki watalipa gharama yake.

Uliobaki ni udongo wa punje za kuokwa uuzwao madukani, ambao kampuni ya Mjapani Takashi Amano (1954–2015) ilisaidia sana kuueneza duniani. Tunadhani huo ndio walioununua vijana wale. Ni udongo mwema kwa mizizi, na huyapunguzia maji ugumu. Lakini aina nyingi zake zikiwa mpya hutoa amonia kwa siku nyingi, wakati mwingine wiki kadhaa. Katika tangi jipya lisilo na samaki hilo halina taabu. Katika tangi lenye samaki ndilo linaloua. Kwa hivyo udongo huo ulowekwe kwanza katika ndoo kwa muda wa wiki 2 au 3, na maji yabadilishwe kila baada ya siku 2, bila kuusugua, kwa kuwa punje zake huvunjika. Maji yale ya ndoo msiyamwage bure. Yana mbolea, na mche wa mkilifi au mrehani uani utayashukuru.

Kuhusu kiasi, hesabu ni nyepesi. Tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30, ukitaka kuongeza unene wa sentimita 2, zidisha 60 kwa 30 kwa 2, upate 3,600, yaani lita 3 na sita ya kumi. Kopo la lita moja litakupimia.

Namna ya kuutia

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Udongo mpya ni mgeni, na wa zamani ni mwenyeji. Mgeni wa heri haingii kwa kumsukuma mwenyeji nje, wala haji na jamaa zake wote kwa siku moja. Kwa hivyo ligaweni tangi mafungu manne, na kila wiki mlishughulikie fungu moja. Kazi itachukua mwezi. Bakteria wa mafungu matatu yaliyosalia watakuwa wakiendelea na kazi yao, na wale wa fungu lililofunikwa watapata nafasi ya kupanda katika punje mpya.

Kabla ya mkono kuingia majini, chomoeni nyaya zote za umeme zinazohusika na tangi. Hili twalisema kwa mkazo kwa sababu kuna watoto nyumbani. Chujio lisioshwe wiki hiyo, na sponji yake ibaki imelowa maji ya tangi.

Nyonyeni theluthi ya maji kwa mpira, mkipitisha ncha yake juu juu ya udongo ili iondoe takataka tu. Msiuchimbe wala kuukoroga udongo wa zamani. Samaki wanaweza kubaki ndani, maadamu fungu ni dogo na mkono ni mpole.

Kisha chukueni kipande cha paipu ya plastiki, upana wake kiasi cha vidole vitatu, na urefu wa kufika sakafuni na kubaki nje ya maji. Kishusheni mpaka kiguse udongo wa zamani, mtie udongo mpya uliolowa kwa kikombe juu yake, na kuuacha ushuke ndani ya paipu. Inueni paipu kidogo, udongo utoke kwa chini, kisha muisogeze pembeni na kurudia. Kwa njia hii vumbi halisambai. Asiye na paipu aweza kutumia chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kupinduliwa mdomo chini, au kujaza kikombe, kukishusha mpaka chini, na kukiinamisha taratibu.

Unene wa kila fungu usizidi sentimita 2 juu ya ule wa zamani. Kwa jumla, udongo wa sentimita 3 au 4 mbele na 5 hadi 8 nyuma watosha mimea mingi. Mkizidisha, hewa haitafika chini. Angalieni pia ukubwa wa punje. Punje ndogo zikiwekwa juu ya kubwa, kwa muda zitapenya na kushuka, na kubwa zitaibuka. Basi chagueni punje zinazolingana na zile za awali au zinazozidi kidogo.

Penye mmea, usiung'oe. Zungushieni udongo kwa vidole mpaka mizizi ifunikwe, lakini kile kitovu ambapo majani huchipukia kibaki juu. Cryptocoryne hasa hachukui usumbufu. Akiguswa mizizi, majani yake yote huyeyuka kwa siku chache. Wengi hudhani amekufa wakamtupa, ilhali mizizi iko hai, na majani mapya hutoka baada ya wiki kadhaa. Muacheni.

Mkimaliza, rudisheni maji polepole, mkiyamiminia juu ya sahani iliyowekwa chini ili yasichimbe shimo. Maji ya mfereji yatibiwe kwanza kwa dawa ya kuondoa klorini, ambayo huua bakteria na kuwachoma samaki. Kisha rudisheni umeme, chujio lianze kazi bila kuchelewa, kwa maana bakteria wake huhitaji maji yenye oksijeni yanayopita.

Siku zinazofuata

Ukungu kidogo majini kwa siku moja au mbili si wa kutisha. Kinachotakiwa kuangaliwa ni samaki wenyewe. Wakipanda juu na kuhema kwa haraka, matamvua yao yakawa mekundu, au wakajibanza pembeni mapezi yamekunjwa, amonia au nitriti imepanda. Vipimo vya matone vya kuyajua hayo huuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo, nasi twawashauri wenye tangi la mimea wawe nacho kimoja. Amonia na nitriti zote zapaswa kuwa sufuri. Zikionekana, badilisheni nusu ya maji siku hiyo hiyo, na zikiendelea, rudieni kesho yake, na fungu linalofuata lisitiwe mpaka vipimo virudi sufuri.

Hata pasipo dalili, badilisheni robo ya maji kila baada ya siku 2 katika wiki ya kwanza ya kila fungu. Twafahamu kwamba katika mitaa yetu mingi maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Kwa tangi la lita 60, robo ni lita 15, hivyo mtungi mmoja watosha mara moja na kusaza. Ni sababu nyingine ya kwenda kwa mafungu. Anayelimwaga tangi lote hulazimika baadaye kubadilisha maji mengi kila siku kwa wiki nyingi, na mfuko wake ukalia.

Punguzeni pia chakula. Samaki mwenye afya hadhuriki kwa kula siku moja na kuacha siku moja kwa muda wa wiki hizo, na kila chembe kisichotiwa tangini ni amonia isiyoingia majini.

Hatusemi kwamba tangi halimwagwi kamwe. Ukichoma kijiti kila mahali ukatoka na tope jeusi linalonuka, na mizizi iliyooza, basi umefika wakati wa kuutoa udongo wote. Hata hapo, samaki huhamishiwa katika ndoo ya maji yale yale ya tangi pamoja na chujio linaloendelea kufanya kazi, na sponji ya chujio haioshwi. Kwa chujio hilo ndipo bakteria watakaposalimika, na tangi litarudi katika hali yake kwa muda mfupi zaidi. Lakini kwa barua ilivyoeleza, tangi la mama yetu halijafika huko. Maji yake ni safi, samaki wake wanakula, na mimea ingali inachipua ingawa kwa udhaifu.

Kwa vijana wetu wawili tuna neno moja. Nia yenu ya kulitengeneza tangi la baba yenu ni njema, na mfuko mlionunua hautapotea. Uloweni leo katika ndoo. Baada ya wiki 2 au 3, tieni fungu la kwanza, mkianza na ile pembe ambapo kioo kinaonekana, na kila wiki mumwonyeshe mama yenu vipimo. Kwa mahesabu yetu, kufikia mwezi wa pili tangu leo kazi itakuwa imekwisha, na mizizi ya kwanza itakuwa imeshika udongo mpya.

Wenye maswali kuhusu mimea mingine ya majini, au kuhusu matangi ya maji ya chumvi ambayo hukumu yake ni tofauti kabisa, watuandikie kama kawaida. Tutakutana wiki ijayo, inshaallah.